Kamisa Asiyemwagiwa Maji

"Maji haya hayakutoka juu, wifi. Usinifanye mtoto."

"Yalitoka wapi basi, chini? Mimi ni kisima?"

"Sijui yalitoka wapi. Ninachojua ni kwamba mtu akimwagiwa ndoo kutoka juu ya paa, kinachotangulia kuloa ni kichwa. Wewe gauni linachuruzika, viatu vinalia kama vyura, na kilemba chako kikavu kama unga. Nieleze maji yalipita njia gani."

Kamisa akakigusa kilemba. Kweli, kilikuwa kikavu. Kilikuwa cha hariri, cha mama yake, kilitoka naye huko milimani Gharyan, na rangi yake ikiguswa na maji hukimbia isirudi.

"Walinimwagia ubavuni," alisema. "Watoto wa siku hizi wamesoma. Hawamwagi tena, wanavurumisha. Ndoo ya kwanza ilinipiga kiunoni nikazunguka kama pia. Ya pili ilinipata mgongoni. Ya tatu ingenichukua mpaka baharini kama nisingeukumbatia mti."

"Ndoo tatu."

"Kama si nne."

"Na kilemba hakikupata hata tone."

"Mungu ana vitu vyake anavyovilinda."

Zula akaliweka bakuli la kuskusi ya siagi kwenye ukingo wa dirisha, akajishika kiuno. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Kamisa, mwanamke wa pumzi fupi na ulimi mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa tangu alipotoka sinagogi, nywele zimemganda mashavuni, kama kuku aliyeokolewa kwenye pipa. Na hakuona aibu hata chembe, maana hiyo ndiyo heshima ya siku.

Kijijini kwetu, siku ya Shavuoti, sikukuu ya majuma, mtu harudi nyumbani mkavu. Wazee husema Torati ni maji, na iliposhuka kutoka Sinai haikuchagua wa kumwangukia. Basi watoto hupanda mapaa ya mabanda na ndoo, sufuria na mabeseni, na kila apitaye hupata fungu lake, awe rabi au bibi harusi. Mwaka mmoja walimlowesha Hlafo, msimamizi wa sinagogi, mpaka shayiri ikaota kwenye kofia yake. Walioivuna wapo hai, waulizeni. Mtu akimwagiwa hutukana, hutishia, hukimbiza watoto kwa bakora, kisha huyo anakwenda zake barabara kuu akichuruzika ili watu wamwone. Wanamuuliza, "Nani kakufanyia hivi?" Naye analalamika. Lile lalamiko ni tamu kuliko asali tunayoila siku hiyo na maziwa. Hana haki hata ya kuikamua nguo yake, kukamua ni kazi na siku ni takatifu, kwa hiyo anakaa na maji yake mpaka yakauke yenyewe, na wala hana haraka.

Kamisa alikuwa hajalalamika tangu Rahmin afe.

Alizaliwa chini ya ardhi, Kamisa. Usicheke. Huko Gharyan babu zetu walichimba nyumba ndani ya udongo, ua katikati kama shimo, vyumba pembeni kama mifuko ya koti. Siku ya Shavuoti watoto walisimama huko juu ukingoni, na aliyekuwa uani hakuwa na pa kukimbilia. Kamisa alikuwa mwagaji asiyekosa. Rahmin, fundi wa matandiko ya punda, alikuja siku hiyo kumwamkia baba mwenye nyumba, akasikia kicheko juu, akainua uso, akapokea ndoo nzima. Alipopata pumzi hakutukana. Aliuliza, "Huyu ni binti wa nani?" Posa ikawa ndiyo hiyo.

Kisha watu wote wakahama, kwa malori na kwa meli, mpaka nchi ya ahadi, wakatupwa kwenye mahema yaliyovuja, na mwishowe wakapewa nyumba hizi za saruji, kila moja na banda lake la kuku na kipande cha ardhi kilichozaa mawe kuliko ngano. Mtoto Mungu hakuwapa. Rahmin akiulizwa alisema, "Nimelea punda wengi, wananitosha," na watu wakacheka, wasiulize tena. Lakini kila Shavuoti alimvizia mkewe nyuma ya mlango. Hakuwa mtu wa ndoo, yeye alitumia kikombe. Alimmiminia shingoni, taratibu, maji baridi ya mtungi, na Kamisa alipiga ukelele uliowafanya mbwa wa kijiji cha pili wabweke. Kisha ndipo alipotoka nje kwenda kupata ndoo za watoto, na kurudi akilalamika.

Rahmin akafa kwenye banda, mkono ndani ya gunia la chakula cha kuku, siku ya kuamkia sikukuu. Wakamzika alasiri. Kamisa akaketi sakafuni, ukosi wa gauni umechanwa kama ipasavyo, na wanawake wakamletea mayai ya kuchemsha na dengu. Jua likatua, na sheria ikamwinua. Ndivyo ilivyo: sikukuu ikiingia hufuta siku saba za kukaa msiba. Aliyekaa saa moja huhesabiwa amezikaa zote. Wanawake wakayachukua mayai na dengu wakaenda nayo, wakarudi na maziwa, asali na nyuso za furaha walizozivaa mlangoni. Kamisa akasimama katikati ya chumba hajui aweke wapi mikono yake.

Zula alikuwa akimlilia kaka yake, na hakukubali kufutiwa. Kulipokucha alisimama kwenye ngazi za sinagogi mbele ya watoto wote na ndoo zao. "Bibi Kamisa asiguswe hata na tone," akawaambia. "Ana msiba. Atakayemmwagia nitamkata masikio niwape bata wangu." Watoto wakaamini, maana bata walikuwapo.

Mwaka ule ilikuwa haki. Lakini msiba una desturi ya kuufunga, na katazo la watoto halina. Mwaka uliofuata hakuna aliyepanda ngazi kusema sasa basi. Watoto wakakua, wakawaachia wadogo zao ndoo na katazo pamoja. Wale wadogo hawakujua habari za Rahmin wala za msiba. Walijua tu kwamba Bibi Kamisa hamwagiwi, kama wajuavyo kwamba moto unaunguza. Wengine wakasema maji yakimgusa atageuka nguzo ya chumvi. Wengine wakasema yupo aliyewahi kumjaribu na akaota mkia, ndiyo sababu familia yake ilihamia Haifa.

Basi akipita chini ya paa, ndoo zinashushwa. Vicheko vinakatika. "Sikukuu njema, Bibi Kamisa," wanasema kwa adabu, na adabu ile inamkwaruza kuliko tusi. Akishapita, vicheko vinarudi mgongoni mwake, na maji yanamwangukia mwingine.

Utasema, si angewaambia? Angewaambia nini? Kuna vitu ukiviomba vinachacha mkononi mwa anayekupa. Hakuna mtu anayemwendea jirani yake na kumwambia, nakuomba unitanie.

Alijaribu hila zake ndogo. Alivaa gauni la manjano linaloonekana kutoka mlima wa pili. Alisimama chini ya mabanda kufunga kamba ya kiatu mpaka kamba ikakatika. Mwaka mmoja aliwachokoza. "Nyinyi wavivu," aliwaambia, "sisi Gharyan tulikuwa tunamwaga mpaka punda wanaogelea." Watoto wakashuka chini, wakaketi kumzunguka, wakamwomba aendelee kuhadithia. Akawahadithia. Walikaa wakavu wote pamoja mpaka mama zao wakawaita kula.

Na mwaka huu ilikuwa vilevile. Asubuhi wanaume walikuwa na macho mekundu kwa kukesha wakisoma. Sinagogi ilikuwa imejaa matawi mabichi na harufu ya majani. Zikasomwa Amri Kumi, watu wote wamesimama kama babu zao walivyosimama chini ya Sinai. Kamisa alisimama upande wa wanawake. Kila Shavuoti husomwa pia habari za Ruthi, na wanawake humsifu Ruthi kwa kumwandama mkwewe, lakini Kamisa kila mwaka husubiri mahali pengine: pale mkwe huyo, Naomi, anaporudi mjini kwao mikono mitupu, mume kafa, wana wamekufa, na mji wote unataharuki wakiulizana, "Huyu ndiye Naomi?" Watu husikiliza pale kwa huzuni. Kamisa huwaza: walau waliuliza.

Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita chini ya kila paa. Mbele yake muuza maziwa aliloa. Nyuma yake mke wa rabi aliloa na kulia kwa kicheko. Hata paka wa jirani yake Ghazala alikuwa amelowa, amekaa juu ya ukuta akijilamba kwa hasira. Kamisa akafika mlangoni kwake mkavu. Akafungua. Mtungi ulikuwa mahali pake, kikombe juu yake. Akasimama kwenye kizingiti, kidogo tu, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akapita moja kwa moja hadi nyuma ya banda la kuku, penye bomba.

Akajaza beseni. Akachagua pa kusimama: juu ya saruji, si juu ya nyasi, kwa kuwa kunywesha mimea siku takatifu ni kosa, na Kamisa hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Akaliinua beseni mpaka juu ya kichwa, akakikumbuka kilemba cha mama yake, akalishusha mpaka mabegani. Akajimwagia. Maji yalikuwa baridi. Ukelele ukamjia mpaka kooni ukakosa pa kwenda. Kuku walimtazama, kila mmoja kwa jicho moja.

Kisha akatoka barabarani.

Aliyekutana naye ni Hlafo, anatembea polepole, naye amelowa. Akasimama. Akamtazama kuanzia viatu. "Bi Kamisa," akasema, "nani kakufanyia hivi?"

Haya ndiyo maneno aliyokuwa akiyatafuta chini ya kila paa. Yalimpanda kichwani kama divai. "Watoto wa Ghazala," akalalamika, kwa sababu paa la Ghazala ndilo lililokuwa karibu. "Hawana adabu, Hlafo. Hawamhurumii hata mzee. Tazama nilivyo."

Lakini Hlafo hakucheka kama mtu anavyomchekea aliyelowa. Aliivua kofia yake. "Utuwie radhi, dada yangu," akasema. "Mama yao ataambiwa." Akageuka akaenda, mara hii kwa haraka, na Kamisa akabaki barabarani akichuruzika.

Ndipo akarudi uani kwake, na ndipo Zula akaingia na bakuli lake na mashaka yake juu ya kilemba.

"Wifi," Zula akasema sasa, akajiketisha juu ya kreti la mayai, "unajua nimetoka wapi?"

"Jikoni kwako. Unanuka siagi."

"Nimetoka kwa Ghazala. Hlafo alifika pale na sura ya mazishi. Ghazala amewashusha watoto kutoka paani, Fraji na Lilu, amewafungia chumbani. Amewavua mikufu yao ya mikate na kuiweka juu ya kabati."

Mikufu ile Kamisa alikuwa ameiona asubuhi: mikate midogo mitamu iliyotungwa kwenye uzi, mmoja umefinyangwa mfano wa ngazi ya Musa ya kupandia Sinai, mmoja mfano wa mkono unaopokea, mmoja mfano wa miwani ya kusomea Torati. Ghazala ana vidole vyepesi. Ile ngazi ilikuwa na vipago vyake vyote.

"Fraji anaapa hawakukugusa," Zula akaendelea. "Kila anapoapa mama yake anazidi kuwaka. Anamwambia, umekosa adabu kwa mjane, na sasa unaongeza uongo. Lilu haapi, hasemi kitu. Analia tu."

"Watoto hulia. Watanyamaza."

"Leo asubuhi tulisimama wote, tukasikia Amri Kumi."

"Nilikuwepo."

"Ile ya tisa uliisikia, au ulikuwa unakohoa?"

"Inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Mimi nilikuwa nazungumza na Hlafo tu."

"Na hao watoto wanaokaa ng'ambo ya ukuta wako ni majirani wa nani, wa mfalme wa Moabu?"

Kamisa akashika upindo wa gauni akataka kuukamua, akakumbuka, akauachia. Maji yakamdondokea viatuni.

"Wewe ndiye uliyeanza," alisema.

"Mimi?"

"Wewe na bata wako. Ulipanda ngazi ukasema asiguswe. Kushuka ukasahau."

"Kaka yangu alikuwa kaburini hata udongo haujakauka. Ulitaka waje wakuchezee?"

"Mwaka ule sikutaka. Nilikushukuru. Na mwaka wa pili je? Na uliofuata?"

Zula akajifuta maji usoni. "Ungeniambia," alisema, sauti imeshuka.

"Ningekuambia nini? Wifi, nenda kawaombe watoto wanifanyie utundu?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

"Na wangekuja wamejipanga mstari, na mama zao nyuma yao. Moja, mbili, mwageni. Asanteni wanangu, Mungu awazidishie. Afadhali kukaa mkavu."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye gauni. Zula akamfukuza kwa mguu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kile kikombe cha juu ya mtungi, kimejaa.

"Geuka," alisema.

"Unafanya nini?"

"Geuka nikumwagie. Mimi ni dada yake."

"Kirudishe kikombe hicho."

"Kikombe tu, wifi."

"Wewe unanihurumia. Maji ya huruma ni ya kuoshea maiti. Kirudishe mahali pake."

Zula akakirudisha. Alikaa huko ndani zaidi ya inavyohitajika kuweka kikombe juu ya mtungi, na aliporudi pua yake ilikuwa nyekundu, lakini macho yake yalikuwa na ule mng'ao wa mtu aliyeokota kitu.

"Sikiliza," alisema, akasogeza kreti karibu. "Ghazala anakuja. Ameapa kuwaleta hapa wote wawili wakuombe radhi. Sasa, wewe usikatae na usikubali. Wewe cheka. Waambie, nani kasema nimekasirika? Mlinipiga vizuri, ila Fraji mkono wake mdogo, mwakani ashike ndoo kubwa. Waoneshe unavyochuruzika kama mtu anayeonesha pete. Unanielewa?"

"Watoto watajua ni uongo."

"Ndiyo utamu wenyewe. Mtoto akisifiwa kwa utundu asioufanya, halali mpaka aufanye. Hutamwomba mtu lolote. Mwakani hawatakuacha ufike hata langoni. Watakuogesha mpaka utaniita nikuvute kwa kamba."

Kamisa aliangalia paa la Ghazala ng'ambo ya ukuta, vigae vyake vyekundu na ndoo moja iliyoachwa ukingoni, imelala ubavu. Alijiona anapita pale chini na gauni la manjano. Alisikia kimya kile, lakini safari hii si cha adabu. Kilikuwa kimya cha watoto waliozuia pumzi. Moyo ulimdunda kama wa msichana. Zula alimwona uso wake, akatabasamu, akajipigapiga magoti kwa furaha ya kazi iliyokwisha.

"Na mama yao?" Kamisa akauliza.

"Mama yao atafurahi kuwa hukukasirika."

"La maji atawasamehe. La kuapa je? Fraji ameapa. Nikisema walinimwagia, basi Fraji aliapa uongo siku ya Amri Kumi."

"Atapigwa kofi moja. Kofi la mwanamke mwenye unga mikononi. Lilu hata hakuapa."

"Umesema analia tu."

"Ni mtoto."

"Umesema hasemi kitu."

"Atasema nini, wakati hakuna anayemsadiki?"

Zula alilisema hilo kwa urahisi, kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Kamisa akamgeukia akamtazama, na lile tabasamu la wifi yake likaanza kupungua lenyewe.

"Nitasema kweli," Kamisa alisema.

"Wifi, usiwe mjinga. Kijiji kizima kitacheka."

"Kitacheka."

"Watasema mjane mzima anajiogesha nyuma ya kuku kisha anatembea barabarani kujionesha. Watakutungia wimbo. Hlafo, mtu aliyekuvulia kofia, utamtazamaje?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Nilijiogesha nyuma ya kuku, nikatembea."

"Na mwakani? Umelifikiria la mwakani?" Zula alishika mkono wake uliolowa. "Ukishalisema hili, basi umeshaomba. Wakikumwagia watakuwa wamekumwagia kwa kuwa Bibi Kamisa maskini alitaka. Mama zao watawanong'oneza, nenda kamfurahishe. Kile unachokitaka hutakipata tena, si mwakani, si kamwe."

"Najua."

"Unajua, na utasema?"

"Mtoto yuko chumbani analia, Zula, na mimi niko hapa na wewe tunapanga namna ya kuchuruzika."

Zula akaachia mkono wake. Alivuta pumzi, akapumua, akavuta tena. Ule ugomvi ulikuwa umemtoka, na bila ugomvi alionekana mzee kuliko siku zote. Alilitazama bakuli la kuskusi dirishani ambalo siagi yake ilikuwa imeanza kuganda.

"Haya," alisema. "Basi lifanyie mazoezi. Ukilisema kwa kugugumia Ghazala atadhani unawafichia watoto. Sema nisikie."

"Sikumwagiwa."

"Hata kuku hawajasikia."

"Sikumwagiwa na mtu. Watoto hawakunigusa."

"Lakini umelowa, Bi Kamisa," Zula akasema kwa sauti ya Ghazala, ile nyembamba ya puani, na kama si siku yenyewe wangecheka wote wawili. "Maji haya yametoka wapi?"

"Nilijimwagia mwenyewe. Kwa beseni."

"Kwa nini, Bi Kamisa? Mtu mzima kama wewe?"

Kamisa akasimama katikati ya ua hajui aweke wapi mikono yake. Akaifunga mbele, akaifungua, akaishusha.

"Nilitaka mtu aniulize nani kakufanyia hivi," alisema, na sauti sasa ilitoka kamili, pengine kubwa kuliko alivyokusudia. "Tangu Rahmin afe hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Wananisalimu. Wananipisha njia. Naletewa chakula. Hakuna anayenifanyia kitu."

Zula hakuwa tena na sauti ya Ghazala. "Wifi," alisema, "mimi nili..."

Hakumaliza. Alikuwa akiangalia nyuma ya bega la Kamisa. Langoni alikuwa amesimama Ghazala, mkono mmoja amemshika Fraji, mwingine amemshika Lilu ambaye uso wake ulikuwa bado umevimba kwa kulia, na hakuna aliyejua walikuwa wamesimama pale tangu neno gani.